Kuagiza Vifaa vya Ngozi Kutoka Ng'ambo: Piga Hesabu Kamili Kabla ya Kulipa

Unashona pochi, mikanda ama mikoba ya ngozi. Kazi imeanza kushika, na sasa unataka vifaa bora zaidi. Unafungua duka la ng'ambo kwa simu yako na kuona seti ya patasi zenye meno, zile za kutoboa matundu ya mshono, kwa dola 40. Unazidisha haraka haraka kichwani: kama shilingi 5,200. Si mbaya. Kidole kiko karibu na kitufe cha kulipa.

Ngoja kidogo. Seti hiyo hiyo inaweza kufika mkononi mwako ikiwa imekugharimu zaidi ya shilingi 11,000, bila mtu yeyote kukuibia hata shilingi moja. Tofauti hiyo inatokana na usafiri, ubadilishaji wa pesa, kodi na ada ya msafirishaji. Zote zinaweza kujulikana mapema, lakini wengi wetu huzijua mzigo ukiwa tayari umefika Nairobi na simu ikilia kwamba kuna deni la kulipa.

Somo la leo lina jambo moja kuu: bei ya kweli ni ile ya kifaa kikiwa mezani kwako. Tutaonyesha jinsi ya kuipata kabla ya kulipa, halafu jinsi ya kulipa kwa simu bila kuhatarisha pesa zako.

Kwanza: je, lazima kitoke ng'ambo?

Si kila kitu kinafaa kuagizwa. Chukua ngozi yenyewe. Kenya ina viwanda vya kutengeneza ngozi sehemu kama Athi River, Thika na Nakuru, na soko la Kariokor jijini Nairobi linajulikana kwa kazi za ngozi. Hapo unaishika ngozi kwa mkono, unaikunja, unaangalia makovu, unajadiliana bei, kisha unalipa na kuondoka nayo. Ngozi ya ng'ambo utaiona kwenye picha tu, na uzito wake unapandisha nauli.

Gundi na rangi pia nunua hapa. Gundi nyingi za ngozi na rangi zenye spiriti hushika moto kwa urahisi, kwa hivyo wasafirishaji wa ndege huziwekea masharti makali ama huzikataa kabisa. Unaweza kulipa kisha uambiwe kwamba hazisafiri. Nyundo na vibao vya kugongea ni vizito, na fundi wa mbao wa mtaani anaweza kukutengenezea kinyundo kizuri cha mti mgumu.

Kinachofaa kuagizwa ni kitu chepesi, kinachodumu miaka, na ambacho ni vigumu kukipata hapa kwa ubora unaoutaka. Patasi zenye meno yaliyonyooka na kung'arishwa ni mfano mzuri. Kifaa cha kukata kona za ukingo wa ngozi ni kingine. Vilevile sindano zenye ncha butu za kushonea ngozi kwa mkono, kama za John James wa Uingereza, na uzi wa poliesta uliopakwa nta, kama Ritza 25 wa Ujerumani. Rola moja ya uzi mzuri ni nyepesi na inashona pochi nyingi.

Kuna nyumba za zamani zinazotengeneza vifaa hivi. Vergez Blanchard ya Ufaransa ilianza 1823, C.S. Osborne ya Marekani 1826, na George Barnsley ya Sheffield, Uingereza, 1836. Tandy Leather ya Texas ilianza 1919. Pia kuna maduka mengi ya China kwenye AliExpress yenye bei nafuu zaidi. Jina kubwa hulipiwa, na kama ndio unaanza, huenda hulihitaji bado. Soma maoni ya wanunuzi, hasa yale yenye picha za mshono uliotoka kwenye kifaa chenyewe. Picha ya kifaa kipya kikiwa kwenye boksi haikuambii kitu.

Pili: hakikisha vipimo

Kurudisha kitu China ama Marekani mara nyingi kunagharimu kuliko kitu chenyewe. Ndiyo maana kosa la kipimo ni hasara kamili. Angalia haya:

Nafasi ya meno. Patasi huuzwa kwa nafasi kati ya jino na jino, kwa mfano milimita 3 ama 4. Maduka mengine ya Marekani huandika idadi ya mishono kwa inchi moja. Milimita 4 ni kama mishono 6 kwa inchi, na milimita 3 ni kama mishono 8. Kwa pochi ndogo, milimita 3 hupendeza. Kwa mkanda na mkoba, milimita 4 ama 5 hutosha.

Unene wa uzi. Uzi wa milimita 0.6 unaendana na matundu ya milimita 3, na wa 0.8 unaendana na ya milimita 4. Ukinunua uzi mnene na patasi ya meno madogo, mshono utajaa na kuvuruga ngozi.

Unene wa ngozi. Maelezo mengi ya Marekani hupima ngozi kwa aunsi. Aunsi 1 ni karibu milimita 0.4. Kwa hivyo kifaa kinachosema kinafaa ngozi ya aunsi 8 kinazungumzia unene wa karibu milimita 3.2, yaani ngozi ya mkanda, si ya pochi.

Vifungo na vigongeo vyake. Kigongeo cha vifungo vya kubana kina saizi yake. Kigongeo cha saizi 24 ni cha kifungo chenye kofia ya karibu milimita 15. Ukinunua vifungo Kariokor na kigongeo China, pima kofia kwa rula kwanza.

Tatu: hesabu kamili

Sasa turudi kwenye seti yetu ya dola 40. Namba zifuatazo ni za mfano, lakini njia ya kuhesabu ni hiyo hiyo utakayotumia. Tuchukue kwamba dola moja ni shilingi 130 sokoni, na kwamba kadi yako inakubadilishia kwa shilingi 134. Tofauti hiyo ndogo ipo karibu kila mara, kwa sababu anayekubadilishia pesa anachukua chake.

Bei ya seti: dola 40.
Usafiri: dola 15.
Jumla: dola 55. Kwa 134, utakatwa shilingi 7,370.

Sasa kodi. Forodha haihesabu kodi kwa bei ya kifaa pekee. Inajumlisha bei, usafiri na bima kama ipo. Kwa mfano wetu ni dola 55, na tukitumia 130 ni shilingi 7,150. Juu ya hiyo kuna mambo manne:

Ushuru wa forodha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makundi makuu manne: asilimia 0, 10, 25 na 35. Kundi la bidhaa yako linategemea namba yake ya forodha. Muulize muuzaji namba hiyo, kisha uikague na msafirishaji ama KRA. Tukichukua kwamba yetu iko kwenye asilimia 10, ni shilingi 715.

VAT. Ni asilimia 16, nayo inapigwa baada ya kuongeza ushuru. Asilimia 16 ya 7,865 ni shilingi 1,258.

Ada ya tamko la bidhaa, maarufu kama IDF. Ni asilimia 2.5 ya 7,150, yaani shilingi 179.

Tozo ya ustawi wa reli, ama RDL. Ni asilimia 2 ya 7,150, yaani shilingi 143.

Jumla ya kodi: shilingi 2,295.

Mwisho kuna ada ya msafirishaji. Kampuni za vifurushi hukulipia kodi kwanza ili mzigo utoke, halafu zinakudai kodi hiyo pamoja na ada ya kushughulikia. Kila kampuni ina bei yake. Tuweke shilingi 1,500.

Jumlisha: 7,370 na 2,295 na 1,500. Unapata shilingi 11,165. Ulianza na 5,200 kichwani. Ni zaidi ya mara mbili.

Viwango vya kodi hubadilika sheria mpya za fedha zinapopitishwa, kwa hivyo kagua kwa KRA kabla ya kila agizo kubwa. Usitumie viwango vya mwaka jana kwa mazoea.

Nne: kitajilipa lini?

Shilingi 11,165 si nyingi wala si kidogo. Inategemea kifaa kitakuletea nini. Tuseme pochi moja inakuachia faida ya shilingi 700 baada ya kutoa ngozi, uzi na gundi. Utahitaji kuuza pochi 16 ili seti ijilipe.

Sasa jiulize kwa ukweli. Je, unauza pochi 16 kwa mwezi mmoja ama kwa mwaka mzima? Je, wateja wako wanalalamikia mshono, ama wanalalamikia bei? Kama tatizo ni mshono uliopinda, patasi nzuri italeta wateja na pengine itakuruhusu kupandisha bei kidogo. Kama tatizo ni kwamba hakuna anayejua unauza pochi, hakuna patasi ya Ufaransa itakayokusaidia.

Na swali gumu zaidi: pesa hii inatoka wapi? Kama ndiyo pesa ya kununua ngozi ya wiki ijayo, usiiguse. Mzigo wa ng'ambo unaweza kuchukua wiki kadhaa, na wakati huo wote hutakuwa na kitu cha kushona. Kuchukua mkopo wa simu wa mwezi mmoja kununua kifaa ambacho kitafika baada ya wiki tano ni kujitia kitanzi. Utaanza kulipa deni kabla kifaa hakijatoboa tundu hata moja.

Tano: kuagiza pamoja

Kuna njia ya kupunguza gharama bila ujanja wowote. Haba na haba hujaza kibaba. Mafundi watatu wakiagiza seti zao kwa pamoja, usafiri na ada ya msafirishaji hugawanywa.

Tuseme seti tatu ni dola 120, na usafiri wa zote ni dola 25. Jumla ni dola 145. Kadi itakatwa shilingi 19,430. Kodi kwa viwango vile vile ni kama shilingi 6,051. Ongeza ada ya 1,500. Jumla ni shilingi 26,981, yaani kila mmoja 8,994. Kila fundi ameokoa zaidi ya shilingi 2,100.

Lakini pesa za pamoja huvunja urafiki zisipoandikwa. Kabla ya kuagiza, andikeni kwenye kikundi chenu cha WhatsApp nani anataka nini, kila mtu ametuma kiasi gani, na mzigo ukipotea hasara itagawanywa vipi. Kila mtu atume mchango wake kwa simu ili ujumbe wa uthibitisho ubaki. Wekeni akiba kidogo juu ya hesabu kwa sababu dola inaweza kupanda. Mwenye kadi asianze kulipa mpaka pesa zote zimeingia.

Sita: kulipa kwa usalama

Maduka mengi ya ng'ambo hayachukui pesa za simu moja kwa moja. Yanataka kadi. Njia rahisi ni kadi pepe iliyounganishwa na akaunti yako ya pesa za simu: unaifungua kwenye programu, unapata namba ya kadi, tarehe ya mwisho na zile namba tatu za CVV, kisha unazijaza dukani kama kadi ya kawaida.

Fuata haya:

Weka kwenye kadi kiasi unachohitaji pekee. Kama agizo ni shilingi 7,370, weka hicho na ziada ndogo ya mabadiliko ya dola. Duka likigeuka kuwa la wezi, hawatapata zaidi ya hapo. Ukimaliza, funga kadi ama isimamishe hadi siku utakayoihitaji tena.

Kagua anwani ya duka herufi kwa herufi. Walaghai hutengeneza maduka yanayofanana na yale ya majina makubwa, wakiongeza herufi moja ama kubadilisha mwisho wa anwani. Ile alama ya kufuli haithibitishi kwamba muuzaji ni mwaminifu. Inaonyesha tu kwamba mawasiliano kati yako na tovuti yamefichwa. Kifaa cha dola 200 kinachouzwa dola 29 "leo pekee" ni chambo.

Duka likikuuliza ulipe kwa dola ama kwa shilingi, linganisha kwanza. Mara nyingi ubadilishaji unaofanywa na duka ni ghali kuliko wa kadi yako.

Usitoke kwenye jukwaa. Muuzaji akikuambia, "Nitumie pesa kando, nitakupunguzia," kataa. Ukilipa nje ya jukwaa, ulinzi wa mnunuzi umeisha. Ni vivyo hivyo kwa PayPal: malipo ya marafiki na familia hayana ulinzi wa ununuzi.

PIN yako ya pesa za simu haihitajiki dukani. Hakuna duka la ng'ambo linaloitaka. Ukiona ukurasa unaouliza PIN hiyo, ondoka.

Piga picha za skrini. Hifadhi ukurasa wa bidhaa na vipimo vyake, risiti, mazungumzo na muuzaji, na ujumbe wa makato. Ukurasa unaweza kubadilishwa kesho.

Na muuzaji akikupa ofa ya kuandika kwamba mzigo ni zawadi ya dola 10 ili ukwepe kodi, mwambie aandike bei halisi. Kudanganya forodha ni kosa la sheria, na mzigo unaweza kuzuiliwa. Tena ukipotea njiani, fidia inaweza kuishia kwenye hizo dola 10 zilizoandikwa.

Saba: mzigo ukifika Kenya

Hapa ndipo walaghai wengine husubiri. Unapata ujumbe ama simu: "Kifurushi chako kimekwama forodha. Tuma shilingi 850 kwa namba hii sasa hivi, la sivyo kitarudishwa." Kwa kuwa kweli unasubiri kifurushi, ni rahisi kuamini.

Usitume. Chukua namba ya ufuatiliaji uliyopewa na duka, ingia kwenye tovuti rasmi ya msafirishaji, uone mzigo uko wapi. Kama unadaiwa, deni litaonekana huko, ama piga simu kwa namba iliyo kwenye tovuti, si ile iliyo kwenye ujumbe. Malipo ya KRA hufanywa kwa namba maalum ya malipo inayoitwa PRN. Kodi ya serikali hailipwi kwa namba ya simu ya mtu binafsi, hata akijitambulisha kwa cheo gani. Omba mchanganuo wa kodi, uulinganishe na hesabu uliyopiga. Kama tofauti ni kubwa, uliza kwa nini. Una haki ya kujua.

Nane: mambo yakienda kombo

Mzigo haukuja, ama umekuja na meno yaliyopinda. Fuata hatua kwa mpangilio. Kwanza, rekodi video unapofungua boksi, namba ya ufuatiliaji ikionekana. Pili, andikia muuzaji ndani ya jukwaa, kwa heshima na kwa picha. Tatu, asipojibu vizuri, fungua malalamiko rasmi kwenye jukwaa. AliExpress huonyesha siku zilizobaki za ulinzi kwenye agizo lako, na PayPal hukupa siku 180 tangu ulipe. Usikubali kuambiwa "subiri kidogo tu, rafiki" hadi siku hizo ziishe. Nne, kama jukwaa halikusaidii, wasiliana na mtoa huduma wa kadi yako na uombe malipo yapingwe. Hapo zile picha za skrini ndizo zitakazokutetea.

Pesa zikirudishwa, zinaweza kuchukua siku kadhaa, na kiasi kinaweza kutofautiana kidogo na ulichokatwa kwa sababu dola imepanda ama imeshuka.

Kabla hujabonyeza "lipa"

Chukua karatasi, ujibu maswali haya sita:

1. Je, kifaa hiki kweli hakipatikani hapa kwa ubora ninaoutaka?
2. Vipimo vyake vinaendana na uzi, ngozi na vifungo nilivyo navyo?
3. Bei yake ni ngapi kikiwa mezani kwangu, pamoja na usafiri, ubadilishaji, kodi na ada?
4. Nitauza vitu vingapi ili kijilipe, na kwa muda gani?
5. Kuna wenzangu wawili tunaoweza kuagiza pamoja?
6. Pesa zikipotea leo, wiki ijayo nitaweza kununua ngozi?

Ukiwa na majibu ya yote sita na bado unataka kununua, nunua bila wasiwasi. Na kama jibu la swali la sita ni hapana, acha kifaa kwenye kikapu cha duka na uanze kuweka akiba ya shilingi mia mbili kwa kila pochi unayouza. Patasi itakuwepo tu. Mtaji wako ukipotea, kuurudisha ndiyo kazi.